Mwaka Ambao Jiko Letu Lilisikilizwa

Siku tuliyomzika dada Stazia pale Gulwe, kijana mmoja wa jumuiya alisimama na karatasi akasoma wasifu wa marehemu. Akasoma kwamba marehemu alizaliwa wilaya ya Kondoa, kwamba aliolewa, kwamba mumewe alitangulia, na kwamba baadaye alihamia Gulwe kutafuta maisha. Watu wakatikisa vichwa, kama vile wote walikuwapo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nimejifunga khanga kiunoni, na nilitaka kuinuka nimwambie yule kijana kwamba dada yangu hakuja kutafuta maisha. Maisha alikuwa nayo. Yalikuwa bondeni, yana udongo mweusi na miwa na viazi, na waliomnyang'anya nawajua kwa majina. Sikuinuka. Msibani humkatizi mtu anayesoma, hata akisoma uongo, na yule kijana alikuwa ameandika alichoambiwa. Nimerudi kwangu Ihumwa, nimepika wali na maharage, nimewauzia mafundi wa majengo kama siku zote, lakini yale maneno mawili, kutafuta maisha, yamekataa kunitoka. Ndiyo maana naandika. Mimi niliishia darasa la saba, mkono wangu umezoea mwiko kuliko kalamu. Anayetaka kujua ukoo wetu, nani alimzaa nani, hapa hatapata. Naandika mwaka mmoja tu, na watu nawataja, kwa sababu walikuwa watu wazima na akili zao walikuwa nazo.

Ulikuwa mwaka ule ambao ushirika ulikuwa umekwisha kufa na ghala lake limebaki la popo. Malori ya watu binafsi yalianza kuja mpaka kijijini kwetu Kwa Dulu kununua ufuta na asali, na nguo za mitumba zikaja juu ya malori hayohayo. Watu walisema "soko huria" kama wanavyotaja jina la mgeni aliyehamia: soko huria amesema hivi, soko huria anataka vile. Mimi nilikuwa msichana nimeshamaliza shule, nakaa na dada Stazia, mjane, kwenye tembe aliyoachiwa na mumewe. Nyumba ile naiona mpaka leo nikifumba macho. Vyumba vinafuatana kama mabehewa, dari ya udongo ambayo juu yake tulikuwa tunaanika majani ya kunde na ubuyu, na jiko mwishoni kabisa, jeusi kwa moshi, lina kidirisha kimoja kidogo. Humo jikoni ndimo tulimoishi. Vyumba vingine vilikuwa vya kulalia tu.

Mwalimu Anselmi alifika wakati wa kuvuna uwele. Alikuwa kijana bado, mwembamba, ametokea huko kwao ziwani, amevaa miwani na viatu vya kitambaa, na alikuwa na barua ya chuo kikuu iliyosema anasomea udaktari. Habari ikatembea kijiji kizima kwamba daktari amekuja na anakaa kwa Stazia, kwa sababu dada ndiye aliyekuwa na chumba cha mgeni kisichovuja. Kesho yake asubuhi akaja bibi mmoja jirani, akaketi mlangoni, akapandisha gauni akamwonyesha goti.

"Mwalimu," dada akamwambia, "huyu anataka ulitazame goti."

"Shikamoo bibi. Mimi sijawa daktari bado, na nikiwa, nitakuwa daktari wa maneno."

Dada akamfasiria yule bibi kwa Kisandawe. Bibi akafikiri, akajibu, na dada akacheka mpaka akashika ukuta. "Anasema basi liambie neno."

Akaliambia. Aliinama akalisemesha lile goti kwa heshima zote, pole sana goti, na yule bibi akaondoka ameridhika. Siku hiyo tulimpenda. Hilo nalisema wazi, maana watu wakisikia hadithi hii hudhani tulikaa na mtu mbaya na hatukujua. Hakuwa mtu mbaya. Alikula tulichokula, ugali wa uwele na mlenda, na mlenda wetu wengi wageni unawashinda, unawateleza wanaishia kucheka. Yeye alikula na kuomba tena. Alichota maji mwenyewe. Alimwita dada yangu "dada" na akamaanisha.

Kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa ya ajabu kwetu. Alikuwa anatafiti kukataa. Alisema alishakaa Kondoa mjini na Warangi, alishakaa na Wagogo upande wa Dodoma, sasa amekuja kwetu Wasandawe, na kote alitaka kusikia jambo moja: mtu akiombwa kitu na hataki kutoa, anasemaje? Alisema kila lugha ina njia yake, na kwamba watu wanaojuana hawatupiani "hapana" usoni. Dada Stazia alilipenda swali hilo kupita kiasi. Jioni moja alikuwa anapepeta, akamwambia, "Haya mwalimu, niombe mbuzi."

"Dada, nipe mbuzi mmoja."

"Mama yako hajambo huko kwenu?"

"Hajambo."

"Mvua zilinyesha?"

"Zilinyesha vizuri."

"Tumshukuru Mungu." Akaendelea kupepeta. Mwalimu Anselmi akangoja, sisi tukamtazama anavyongoja.

"Na mbuzi?"

"Nimeshakunyima, mwalimu. Hukusikia?"

Tulicheka sana. Yeye alicheka kuliko sisi, kisha akakimbilia chumbani kuandika. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: ukiombwa usichotaka kutoa unamwuliza mtu hali ya mama yake, na yeye akiwa na adabu anasimama, anaaga, hamjagombana. Mwalimu alisema hilo litakuwa sura nzima kwenye kazi yake. Nilijisikia fahari, msichana mjinga wa kijijini, kwamba namna ya dada yangu ya kunyima mbuzi itasomwa chuo kikuu.

Alikuwa na rekoda ya kaseti, ndogo, ya betri. Siku za kwanza aliiweka katikati yetu na sisi tukawa tunazungumza kama watu waliosimamishwa kanisani kusoma. Akasema hapana, hii siyo kazi, mtu akijua anasikilizwa hasemi maneno yake ya kweli. Akaomba aiache jikoni, juu ya kinu cha zamani, izunguke yenyewe huku yeye yuko matembezini, mpaka tuisahau. "Mkishaisahau," alisema, "hapo ndipo kazi yangu inaanza." Dada alikubali kwa sharti. Nilikuwapo, nililisikia kwa masikio yangu. Alimwambia, "Mwalimu, wewe ni mtu wa nyumbani, hatukufichi kitu. Lakini ya jikoni yabaki kwako." Akajibu, "Yatabaki kwangu, dada." Na kweli tukaisahau. Ikawa kama chungu kingine.

Sasa niseme habari ya bondeni. Marehemu shemeji yangu alipewa shamba lile wakati tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Liko kando ya korongo la mchanga, ukichimba kiangazi unapata maji, kwa hiyo wakati vijiji vizima vinakula makapi, dada alikuwa na viazi na miwa na mboga mbichi. Aliyempimia shemeji shamba hilo kwa kamba alikuwa mzee Bakari, siku hizo mjumbe wa nyumba kumi. Wengine waliokuwapo walishafariki au walishahama. Karatasi hapakuwa na karatasi, watu wa wakati ule walipimiana kwa kamba na macho ya watu. Mwaka ule ninaousimulia, mwenyekiti wa kijiji, Juma Suku, alileta mfanyabiashara kutoka Dodoma mjini aliyetaka kufunga mashine ya kukamua mafuta ya ufuta, na mahali alipopapenda ni palepale, kwa ajili ya maji. Suku akaitisha mkutano. Akasema bondeni ni mali ya kijiji, mjane anapalima kwa hisani tu, na maendeleo hayamsubiri mtu.

"Dada Stazia, unasemaje?" akamwuliza mbele ya watu.

Dada akasimama, akajifunga khanga vizuri. "Mwenyekiti, shikamoo. Nimefurahi kuona mguu wako umepona, maana mwezi jana tulisikia unachechemea. Watoto hawajambo?"

Wazee wakainamisha vichwa. Kila mtu pale aliyenyonya maziwa ya Kisandawe alielewa kwamba amekataa, na Suku alielewa kuliko wote. Lakini alikuwa amekaa na mgeni wa mjini, akamgeukia kwa Kiswahili akasema, "Mama hana pingamizi." Hivyo ndivyo alivyokuwa Juma Suku. Amezikwa sasa, kaburi lake limejengewa kwa saruji.

Dada hakupiga kelele. Alikwenda kwa mzee Bakari, akamwomba aende naye Kondoa, kwa bwana ardhi wa wilaya, akaseme tu alichokiona: kwamba alipima kwa kamba na akampa fulani. Mzee Bakari alikubali, lakini aliogopa. Mwanawe wa kiume alikuwa hana kazi na Suku alikuwa anagawa ahadi za kazi za mashine. Akasema, "Mwanangu, tutakwenda, ila asijue mtu mpaka tumeshafika. Nikishasema mbele ya serikali, hawezi tena kunifanya kitu. Kabla ya hapo anaweza." Dada alinieleza yote hayo jikoni tukibangua karanga, siku gani, gari gani, mzee atasubiri wapi. Alikuwa na furaha. Sikumbuki kama alikuwa na furaha namna ile tena baadaye. Na rekoda ilikuwa juu ya kinu.

Mwalimu Anselmi Kisandawe hakukijua vizuri. Alijua salamu, alijua majina ya vitu, alijitahidi zile sauti zetu za kugonga ulimi mpaka tukamwonea huruma. Kwa hiyo kila kaseti alinikalisha mimi nayo, tunasikiliza kipande, nasimamisha, namweleza kwa Kiswahili, anaandika. Tulipofika pale pa safari nikasimamisha kaseti haraka, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimesahau kwamba yamo. Nikamwambia, "Hapo tunaongea habari ya kunde tu, mwalimu. Mama yako barua yake imefika?" Akasema imefika, mama hajambo, asante. Akaandika "kunde". Nikapumua, nikajua amenielewa. Miezi yote ile anajifunza kukataa, nikadhani nikimkatalia kwa njia ileile aliyoiandika mwenyewe ataisikia. Hakuisikia. Alichokiona yeye ni kwamba dada amesema maneno mengi na mimi nimempa machache.

Na alikuwa na utaratibu wake wa kazi, ambao walimfundisha huko alikosoma. Kaseti moja lazima ielezwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kusikizana, ndipo alinganishe. Mtu mmoja, alisema, anaweza kukosea au kuficha. Wa pili wake alikuwa Elias, karani wa kijiji, aliyefika sekondari kidogo akarudi, na ambaye kwa mama yake alikuwa mpwa wa Juma Suku. Walikuwa wanafanyia kazi kwenye chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji. Siku ile mchana nilimpelekea mwalimu chakula chake kama kawaida, nimebeba bakuli kichwani, na kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti ya dada yangu inatoka dirishani. Dada wakati huo alikuwa bondeni, nilitoka kumwona. Nilisimama palepale kwenye jua. Mpaka leo siipendi sauti ya mtu kutoka mahali ambapo mwenyewe hayupo, hata redio naisikiliza kwa mashaka.

"Huyu namwita Mwanamke wa Pili," Mwalimu Anselmi alikuwa anasema. "Majina hatuyatumii kabisa."

Elias akacheka. "Mwalimu, huyu ni Stazia. Hata akipiga chafya namjua."

"Najua unamjua. Ila kwenye kazi ni Mwanamke wa Pili."

"Haya. Mwanamke wa Pili anasema Alhamisi alfajiri anapanda gari la Kondoa na mzee Bakari, na mzee atasubiri njia panda, siyo kituoni."

"Ngoja kwanza, rudisha. Hapa, kabla ya hiyo safari. Mdogo wake anamwuliza kama atamuaga mwenyekiti, naye anajibu habari ya mvua. Hapo amekataa?"

"Hapo amekataa."

"Safi sana. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Hayo mengine ya safari hayanihusu, tuyapite."

Niliingia na bakuli. Mwalimu alinitazama kwa furaha kama mtu aliyeokota kitu, akasema karibu Paulina. Elias alikuwa ameegemea kiti, mikono nyuma ya kichwa, anatazama dari, na alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza, kwa upole sana, "Dada yako hajambo?"

Nilikwenda bondeni nikikimbia. Dada alinisikiliza akiwa na jembe mkononi, kisha akalisimika chini. Hakunilaumu kwa neno. Jioni tulimngoja mwalimu jikoni, na alipoingia dada alikuwa ameshampakulia. Akamwambia kwa Kiswahili kinyoofu, hakuna habari za mama wala mvua, "Mwalimu, umempa Elias maneno yangu."

"Dada, Elias ni msaidizi wangu. Ameahidi kwa mkono wake kwamba anachosikia kwenye kazi hakisemi nje."

"Elias ni mtoto wa dada yake Suku."

"Najua. Lakini nimelitoa jina lako. Hakuna mahali popote jina lako limo."

"Jina umelitoa," dada akasema. "Sauti umeiacha."

Nilimwona mwalimu anaelewa, uso wake ulibadilika palepale kwenye mwanga wa moto, na nikiri kwamba nilimhurumia. Huko alikotoka kusoma, mtu ukimwondolea jina anakuwa mtu yeyote. Kwetu Kwa Dulu hakukuwa na mtu yeyote. Kila kikohozi kilikuwa na mwenyewe. Nadhani waliomfundisha walikuwa watu wa miji mikubwa, hawakuwahi kukaa mahali ambapo mtu anakujua kwa namna unavyoburuta kandambili. Lakini huruma yangu haimwondoi kwenye orodha yangu ya waliomnyang'anya dada. Alikaa nasi muda wa kutosha kujua hayo bila kuambiwa na chuo.

Alhamisi ilipofika, mzee Bakari hakuwa njia panda. Tulisimama mpaka gari likaja, dada akamwomba dereva atungoje kidogo, tukaenda mbio kwa mzee. Tulimkuta ameketi nje kwenye kigoda, amevaa kanzu safi, kama mtu aliyekuwa anajua wageni wanakuja. Mwanawe alikuwa amesimama nyuma yake.

"Shikamoo baba," dada akasema kwa lugha yetu. "Gari limefika."

Akajibu kwa Kiswahili. "Mimi sikumbuki kupima shamba lolote. Sina ushahidi wa kutoa."

Nimefikiria mara nyingi kwa nini alisema kwa Kiswahili. Nadhani kwa lugha yetu yale maneno yasingemtoka. Angelazimika kumwuliza dada hali ya viazi, dada angelia, na yeye pengine angesimama akafuata gari. Kwa Kiswahili aliweza kusema kama mtu anayesoma tangazo la serikali. Dada alimtazama, akamwambia, "Ubaki salama, baba," na tukarudi kwenye gari. Mwanawe alipewa kazi ya mashine, akaifanya mpaka mashine ilipoharibika.

Kondoa tulifika watu wanatoka msikitini adhuhuri. Bwana ardhi alikuwa na adabu, alitukaribisha viti. Akauliza nani alipima, dada akataja. Akauliza yuko wapi, dada akasema hakuja. Akafunga faili, akasema, "Mama, mimi nakuamini. Lakini kukuamini hakuandikiki hapa. Mlete huyo mzee." Tulinunua mkate tukaula tukiwa tumesimama kando ya stendi, mkavu, bila chai. Dada alinigawia kipande kikubwa. Akasema, "Bado mmoja."

Huyo mmoja alikuwa Mwalimu Anselmi. Dada alikuwa amefikiri njia nzima. Mkutano wa kijiji wa kupitisha shamba ulikuwa unakuja, na mfanyabiashara angekuwapo, na diwani. Alichotaka ni mwalimu asimame aseme neno moja: kwamba mzee Bakari alikuwa amekubali kutoa ushahidi, kwamba yeye mwalimu ana sauti iliyosema hivyo kabla mzee hajatishwa, na kwamba aliyeisikia ni karani Elias. Watu wangemwamini. Alikuwa msomi, hakuwa wa upande wowote, alikuwa na barua yenye mhuri. Suku asingethubutu mbele ya diwani. Tulimkuta jikoni kwetu amewasha moto mwenyewe, amebandika maji ya ugali. Dada alimweleza taratibu, akamaliza, akangoja.

Mwalimu Anselmi alikoroga maji yale ambayo hayakuwa na unga bado. Akasema, "Dada, mmechoka. Njia ilikuwa na vumbi?"

"Ilikuwa na vumbi."

"Na yule mbuzi mwenye mimba, mnadhani atazaa lini?"

Nilimwona dada yangu anashika kifua. Akamjibu kwa adabu yote, kama inavyompasa mtu aliyenyimwa, "Karibuni, mwalimu. Mungu akipenda." Akaingia chumbani akafunga mlango. Nilibaki na mwalimu pale na nikamwambia neno ambalo sikuwahi kumwambia mtu mkubwa kwangu. Alinieleza. Alisema kibali chake cha utafiti kinamkataza kuingilia mambo ya uongozi, kwamba wilayani wakisikia watamrudisha, kwamba ameshasoma miaka mingi na imebaki lugha moja tu amalize. Alikuwa na machozi. Machozi hayo siyakatai, yalikuwa ya kweli. Lakini alifuzu kazi yake jioni ile mbele ya macho yangu: alikataa kwa Kisandawe bila kosa hata moja.

Aliondoka kabla ya mkutano. Aliacha sukari, chumvi na blanketi lake. Dada alimpa jirani blanketi. Mkutano ulichukua muda mfupi, shamba likapita, na Elias ndiye aliyeandika kumbukumbu, kwa mwandiko wake mzuri. Walipoanza kung'oa miwa hatukwenda kutazama, lakini tulisikia, maana watoto walikuwa wanapita na mabua yake wanatafuna. Kisha likaanza lile jambo la chini chini. Stazia anapinga maendeleo. Stazia anataka kumfunga mwenyekiti. Watu waliokuwa wakija jikoni kwetu kuomba moto walianza kwenda mbali zaidi. Na dada akaanza kunong'ona. Nyumbani mwake mwenyewe, mchana kweupe, akitaka kuniambia niongeze kuni alikuja karibu na sikio langu.

Kiangazi kilipokaza tulifunga mlango tukaondoka, basi mpaka Dodoma, treni mpaka Gulwe, ambako shemeji mmoja alikuwa kibarua wa reli. Chumba tulichopata kilikuwa cha bati, joto lake halielezeki, na wapangaji wote walitumia ua mmoja. Dada aliuza maandazi na mayai kwa abiria treni iliposimama. Siku ya kwanza nilimwita kutoka upande wa pili wa ua, kwa lugha yetu, nikimwuliza chumvi iko wapi. Wapangaji waligeuka, mtoto mmoja akajaribu kugonga ulimi kama mimi, mama yake akacheka, hakuna aliyekuwa na ubaya. Dada alikuja moja kwa moja, akanishika mkono, akaniambia kwa Kiswahili, "Hapa tutasema Kiswahili, Paulina. Ndani na nje." Nilidhani anaona haya kwa sababu ya wapangaji. Haikuwa haya. Aliolewa tena palepale Gulwe, akazaa, na watoto wake hakuwafundisha hata salamu. Wakisikia watu wa kwetu wanaongea wanacheka kama yule mtoto wa uani. Mimi nilihama baadaye, lakini nikienda kumtembelea, nikijisahau nikaanza, ananikatiza kwa Kiswahili. Miaka yote hiyo. Lugha niliyozaliwa nayo nilibaki nikiisema na mbuzi na mimi mwenyewe.

Nasikia Mwalimu Anselmi alipata udaktari wake na akawa mtu mkubwa. Aliwahi kunitumia msichana, mwanafunzi wake, akanikuta Ihumwa kwenye masufuria yangu. Akasema profesa anasikitika kwamba lugha yetu inapungua wasemaji, wanakusanya sauti za wazee kabla hazijapotea, je, nitakubali kurekodiwa? Alikuwa mtoto mzuri, mnyenyekevu, alinisalimia shikamoo vizuri. Nikamwuliza kama mama yake hajambo. Akasema hajambo, asante, akaendelea kusubiri jibu. Nikampakulia wali.

Mwezi aliougua dada nilikwenda Gulwe kumwuguza. Nilikuwa namwosha mchana mmoja, watoto wake wamekwenda kutafuta dawa, na bila kufikiri nikamwambia pole kwa maneno tunayomwambia mgonjwa kwetu, ambayo Kiswahili hakina. Nilijua atanikatiza. Akaniangalia, akageuza kichwa kuelekea mlangoni.

"Nani yuko nje?" akauliza kwa Kiswahili.

"Hakuna mtu, dada."

"Katazame."

Nikaenda nikatazama. Ua ulikuwa mtupu, kuku tu. Nikafunga mlango, nikafunga na dirisha, nikarudi nikamwambia hakuna. Akanishika mkono na akaanza kusema kwa Kisandawe, taratibu, kwa sauti yake yenyewe, siyo kwa kunong'ona, na alisema muda mrefu. Yalikuwa ya kwangu. Hayamo humu.